Ngao Hupata Wapi Sura Yake?

Mhadhara wa umma, Hamukungu, wilaya ya Kasese



Iliposikika kwamba nitazungumza juu ya mavazi ya vita katika mchezo wa kompyuta, mzee mmoja aliniuliza kama siku hizi chuo kimekosa kazi. Ana haki ya kuuliza. Nitamjibu kwa ngao.

Mchezo wenyewe unaitwa The Elder Scrolls Online. Ulitolewa na ZeniMax Online Studios mwezi wa Aprili 2014, na watu huucheza pamoja kwa intaneti, kila mtu akiwa na mhusika wake katika nchi ya kubuni yenye majoka na wachawi. Mimi nilifundishwa na mpwa wangu wa Bwera, tena kwa kuchekwa. Mama yake alipotaka kujua tunafanya nini usiku kucha, nilidhani nitakosa maneno ya kumweleza. Kumbe yote anayo: dirii, chapeo, ngao. Huyasikia kila Waefeso mlango wa 6 unaposomwa kanisani.

Fundi katika mchezo huo husimama mbele ya meza ya kazi na kuamua mambo manne: anatengeneza kitu gani, kwa malighafi gani, kwa mtindo wa watu gani, na kiwe na sifa gani ya ziada. Dirii nzito ni ya mhunzi. Nguo na ngozi ni za mshonaji. Ngao, na hapa nilishtuka, ni ya seremala. Kule ngao ni mbao, za miti ya kawaida na hata za mahogani.

Malighafi ndiyo huamua ngao itamfaa mhusika wa kiwango gani, na sura huigusa pia, kwa kuwa mtindo uleule hupambwa zaidi malighafi inapopanda daraja. Lakini sura yenyewe, ile inayokufanya useme hii ni ya watu fulani, hutoka penginepo. Mhusika huzaliwa akijua mtindo wa taifa lake tu. Mingine lazima aisome vitabuni, na vingi kati ya vitabu hivyo vimekatwa vipande 14: kipande cha shoka, cha mkanda, cha viatu, cha chapeo, na kimoja cha ngao. Kiswahili kinatuchekea hapa, maana sura ni uso, na sura ni kipande cha kitabu. Katika mchezo huo ngao haipati sura ngeni mpaka fundi awe amesoma sura ya ngao.

Kisha huongezwa jiwe la mtindo. Katika mataifa ya mchezo huo, mtindo wa Breton hutaka molibdenamu, wa Nord hutaka korundi, wa Orc manganizi, wa Imperial nikeli. Si madini ya kubuni hayo. Sisi wa Kasese, ambao reli ilitufikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, iliyokwenda kuyeyushwa Jinja, hatuhitaji kuelezwa kwamba mwamba una thamani. Tunajua pia kwamba mabaki ya shaba hiyo yalikuja kutoa kobalti, madini ambayo kwingineko hutia kioo rangi ya buluu. Ila manganizi haijui nakshi za Orc. Fundi ambaye hajasoma anaweza kujaza gunia zima la manganizi na asitoe hata ukingo mmoja wa ngao ya Orc.

Sifa ya ziada haina haja ya kutuchelewesha. Hujifunzwa kwa kuharibu kifaa chenye sifa hiyo, funzo la kwanza huchukua saa 6, la pili 12, na kuendelea kwa kuzidishwa mara mbili, wala haibadilishi sura hata kidogo. Kinachonifurahisha ni kwamba saa hizo huhesabika hata ukiwa umezima kompyuta. Hiyo ndiyo elimu pekee ninayoijua isiyosimama umeme ukikatika.

Sasa tuziangalie ngao za kwetu.

Mmaasai alitengeneza ngao kwa ngozi ya nyati, mnyama ambaye ninyi hapa mnamwona karibu kuliko mnavyopenda. Ngozi huwambwa kwa mambo ikakauka, ikaparwa manyoya, ikakatwa umbo la yai refu. Ukingo hushonewa mkanda wa ngozi, na nyuma hupita kijiti kirefu kinachofungwa kwa kamba za ngozi, katikati kikiacha nafasi ya mkono. Hadi hapo ngao inakinga mkuki, lakini haijasema neno. Maneno huja na rangi, nyeupe, nyekundu na nyeusi, katika michoro iitwayo sirata. Kwa sirata, mtu wa mbali alitambua shujaa ni wa rika gani na wa upande gani. Alama ya ushujaa hakujichorea mtu kwa kuwa ameipenda. Mchezo umelishika hilo: rangi nyingi za kutia mavazi hazifunguki mpaka mhusika awe ametimiza jambo fulani.

Ngao ya Waganda ni habari nyingine. Ni ubao uliochongwa, wenye kitovu kilichochongoka katikati, na uso wote umefunikwa kwa fito zilizosukwa zikabanana. Hebu jaribuni kutenganisha kinga na pambo hapo. Ukifumua msuko umeondoa sura, na umeidhoofisha ngao. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizotaja, na mpwa wangu anajua kwamba simwambii hivyo ili kumuudhi.

Februari 2018 mchezo ulikata kamba iliyofunga sura na kinga. Tangu hapo mhusika anaweza kuvaa dirii moja na kuionyesha kwa sura ya nyingine. Aliyevaa kitambaa chepesi ataonekana amejifunika chuma kizito, na adui hawezi tena kumsoma kwa macho. Nilikuja hapa nikiwa nimeandika aya nzima ya kulaani jambo hilo. Jana jioni niliifuta.

Nilikumbuka nembo ya Uganda ya mwaka 1962. Katikati yake kuna ngao, juu ina mawimbi, katikati jua, chini ngoma. Upande mmoja amesimama korongo mwenye taji, upande wa pili kob, swala yuleyule anayejaa tele hapo jirani Kasenyi. Nikaikumbuka bendera ya Kenya ya mwaka 1963 na ngao yake ya Kimaasai. Hakuna anayekusudia kujikinga mkuki kwa ngao hizo. Zimebaki sura tupu, na bado watu husimama wima bendera inapopandishwa. Kwa hiyo kijana anayevalisha dirii yake uso wa dirii nyingine hakuanzisha mchezo huo. Tofauti ni kwamba sura aliyoichagua, mara nyingi, aliisoma kwanza yeye mwenyewe, kipande baada ya kipande, na mimi sina hakika ni wangapi kati yetu wanaoweza kueleza kwa nini ile ngoma imewekwa pale chini.

Naona mikono imeinuka. Nianze na mzee wangu aliyeuliza juu ya kazi ya chuo.