Utaratibu wa Kazi na Maelekezo ya Kazi: Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka 10, Msasani, Tukuyu



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya karatasi. Natambua kwamba katika sherehe ya namna hii, ambapo vyungu vimekwisha injikwa na ngoma zinangoja, hakuna habari ichoshayo kama hiyo, kwa hiyo naomba mnivumilie. Lakini karatasi nitakazozitaja ndizo ziamuazo kilo za majani yenu ni ngapi, na fedha zenu ni kiasi gani.

Chama Kikuu chetu kina kitabu kimoja kinene ambacho makarani hukiita Utaratibu. Nimekisoma chote mara mbili, na sidhani kwamba wako wengi waliofanya hivyo hata mara moja. Ndani yake yamechanganywa mambo ya aina mbili. Aina ya kwanza hueleza nani afanye kazi gani, wakati gani, kwa idhini ya nani, na mwanachama asiporidhika apeleke wapi malalamiko yake. Aina ya pili hueleza mkono ufanye nini: kapu litundikwe vipi, mshale wa mizani usomwe kutoka upande gani. Katika viwanda vingi duniani mambo haya huandikwa mbali mbali. La kwanza ni utaratibu wa kazi. La pili ni maelekezo ya kazi. Juu ya yote mawili yako masharti ya chama, ambayo huandikishwa kwa Mrajis kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, nayo leo siyagusi.

Natoa mfano kutoka katika chai yenyewe, mmea uliofika wilaya yetu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani. Utaratibu wa kiwanda waweza kusema kwa ufupi: “Chai ionjwe kabla ya kufungwa, na mwonjaji atie sahihi.” Basi. Lakini ataionja vipi? Hapo Shirika la Kimataifa la Viwango lina maelekezo yake, yenye namba ISO 3103, yaliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1980: gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, katika chombo cha kauri chenye kifuniko, kwa dakika 6. Mama zetu wataicheka chai hiyo, kwa maana ni kali, na haikukusudiwa kumfurahisha mgeni. Imekusudiwa kwamba mwonjaji aliyeko Mombasa na mwonjaji aliyeko Tukuyu waonje kitu kimoja, ili wakihitilafiana, wahitilafiane juu ya chai na si juu ya birika.

Sasa niseme lililonifanya nilishike jambo hili moyoni. Kabla ya kuwa Katibu nilikuwa karani wa mizani katika kituo kimoja cha kununulia majani mabichi. Ninyi mnazijua mvua za Rungwe. Mwezi wa Machi majani hufika yanachuruzika, na kiwanda hakikubali kulipia maji. Kitabu chetu kilisema: “Majani yaliyolowa yapunguzwe uzito ipasavyo.” Neno ni hilo tu, ipasavyo. Mimi nilikuwa nikikata kilo mbili kwa kila gunia, kwa kuangalia tu. Mwenzangu wa kituo cha pili, ng'ambo ya mto, alikuwa akikata kilo moja. Hakuna aliyekuwa mwizi kati yetu, na kila mmoja aliamini kwamba ametimiza utaratibu.

Siku moja alikuja mama mmoja, mtu mzima, ana mashamba mawili, moja kila upande wa mto. Alikuwa ameziweka stakabadhi zake zote katika mfuko wa nailoni. Akazipanga juu ya meza yangu, akaniambia bila ukali: “Mwanangu, mvua ni moja. Mbona maji ya kituo chako ni mazito kuliko ya kituo cha pili?” Sikuwa na jibu. Nilikifungua kitabu nimwonyeshe, nikalikuta lile neno ipasavyo, nikakifunga. Watu wa foleni walikuwa wakinitazama. Kilo alizopoteza yule mama kwa mkono wangu msimu ule hazikurudi, maana hapakuwa na karatasi ambayo kwayo angeweza kunidai.

Hapo niliona kwamba maelekezo ya kazi ni ngao ya mwanachama. Utaratibu hukilinda chama: fedha zisipotee, lori lisichelewe, majani yasivunde garini. Lakini mtu anayesimama mbele ya mizani na kapu lake hulindwa na lile karatasi dogo linaloeleza jinsi ya kupima, likiwa limebandikwa mahali anapoweza kulisoma yeye mwenyewe, au kusomewa na kufafanuliwa kwa Kinyakyusa.

Yafuata basi kwamba karatasi hizi mbili hazina mlango mmoja. Utaratibu upitishwe na Halmashauri, na usibadilishwe ovyo. Maelekezo yaandikwe na wale wafanyao kazi yenyewe, pamoja na wanachama wawili watatu wa kituo. Yasizidi ukurasa mmoja. Yawe na tarehe na sahihi ya msimamizi. Tukinunua mizani ya aina nyingine, ukurasa ule hubadilishwa siku ile ile pasipo kuungoja mkutano. Na ukurasa wa zamani uondolewe! Katika ukaguzi wetu tumekuta kituo chenye karatasi mbili ukutani, kila moja ikisema lake, na karani akiifuata ile impendezayo.

Mzee mmoja wa Halmashauri alinipinga, akasema kwamba tutawageuza makarani kuwa mashine. Pingamizi lake lina uzito. Kuyatambua majani mawili na chipukizi, na kuyatenga na majani magumu, ni kazi ya jicho lililozoea, na karatasi haiwezi kuwa jicho. Iwezalo ni kusema konzi ya kukagua itolewe wapi: juu, katikati na chini ya kapu, wala si juu tu. Hata kiwango cha ISO 9001, ambacho katika toleo la mwaka 2008 kilidai taratibu sita zilizoandikwa, kiliyaacha madai hayo katika toleo la mwaka 2015, kikawaachia wenye kazi waamue wahitaji maandishi kiasi gani. Sisi hatutaandika maelekezo ya kufagia kibanda.

Tuanze na majani yaliyolowa. Rasimu iko tayari: kapu moja la mfano lipimwe, majani yamwagwe juu ya wavu, yatikiswe, yaachwe yachuruzike kwa muda uliotajwa, kisha yapimwe tena mbele ya foleni. Kilichopungua ndicho kipimo cha kukata siku ile, kwa kila mtu. Haijawa kamili, kwa sababu hatujakubaliana juu ya dakika; makarani wataka tano, wanachama wa milimani wataka kumi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, baada ya chakula mizani italetwa hapa mbele pamoja na wavu, ndoo ya maji na makapu matatu ya majani. Mwenye saa aje nayo.