VITOVU VYA VITONGOJI: NANI ANAHESABIWA KABLA RAMANI HAIJACHORWA?

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia



Mada niliyokabidhiwa inahusu namna ya kupanga ufufuaji wa vitovu vya miji katika vitongoji vyetu. Maneno ni mazito, lakini jambo lenyewe mnalifahamu kwa miguu yenu. Kitovu cha kitongoji ni mahali ambapo watu hukutana kwa lazima: pale daladala zinapogeuzia, pale penye soko, zahanati, ofisi ya kata, msikiti, kanisa, mashine ya kusaga, fundi cherehani na mama lishe. Manzese Darajani ni kitovu. Ubungo, Magomeni Mapipa, Kimara Mwisho, Gongo la Mboto na Tegeta, hali kadhalika. Mkazi wa Mbagala anaweza kumaliza miezi bila kufika Posta, lakini Rangi Tatu hana budi kufika.

Mahali hapa pamekuwa na thamani kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam; sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka hawakwenda kukaa Kivukoni. Wamekwenda Chanika, Chamazi, Goba na Kibamba, na vitovu vya njiani ndivyo vinavyowahudumia asubuhi na jioni. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, na baadaye njia ya pili ikajengwa kufuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Kiwanja kilicho jirani na kituo kikubwa hakiuzwi tena kwa bei ya kitongoji. Dalali anajua hilo kabla ya afisa mipango miji. Kwa hiyo sehemu hizi zitapangwa upya, tupende tusipende. Sisemi kwamba ni vibaya. Soko lisilo na choo, mtaro unaotapika kila masika, njia isiyopitika kwa gari la wagonjwa: hayo si mambo ya kuyalilia yakiondoka. Swali langu ni moja tu. Mpango unapoanza kuchorwa, ni nani anayehesabiwa kuwa yupo?

Tulikotoka

Swali hili si geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba za miti na udongo katika sehemu kama Magomeni na kujenga za matofali mahali pake. Nia ilikuwa njema. Lakini ukibomoa nyumba moja ukajenga moja, idadi ya makazi inabaki ileile, na fedha zimekwisha. Mwaka 1972 Serikali ilibadili msimamo, na tangu katikati ya miaka hiyo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese haikubomolewa bali ilitengenezwa ikiwa na watu wake ndani: barabara, maji, taa, shule. Sambamba na hilo vilipimwa viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini. Leo nenda Sinza ukawatafute hao wa kipato cha chini. Viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye uwezo zaidi, wala haikuhitajika hila kubwa: aliyepewa kiwanja bila fedha za kujengea aliona afadhali akiuze.

Ninalikumbusha hili kwa sababu linaonyesha jambo ambalo ramani haiwezi kulionyesha. Mtu anaweza kuondolewa kwa tingatinga, na anaweza kuondolewa kwa bei. Tunapiga kelele kwa ajili ya tingatinga kwa kuwa linaonekana. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kati ya Kimara na Kiluvya kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, nchi nzima ikaona. Lakini mpangaji wa chumba kimoja anayepandishiwa kodi kwa kuwa mtaro umejengwa na taa zimewekwa, huyo hufunga godoro lake jioni na kuhama bila gazeti lolote kuandika. Na tuseme kweli kati yetu: mwenye nyumba aliyempandishia kodi huenda ameketi humu ndani. Hajavunja sheria yoyote. Hata hivyo jumuiya ndogo ndogo anayosali imepungua familia moja.

Ubungo

Tuchukue Ubungo, kwa kuwa mabadiliko yake tumeyashuhudia sote. Kwa miaka mingi pale palikuwa na stendi ya mabasi ya mikoani. Stendi haikuwa mabasi peke yake. Ilikuwa mawakala wa tiketi, wapagazi, wauza maji na mikate, gesti za bei nafuu, mafundi simu, na akina mama waliokuwa na chai ya moto saa kumi usiku. Februari 2021 Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilifunguliwa Mbezi Luis, na siku iyo hiyo ikafunguliwa barabara ya juu ya Kijazi hapo Ubungo. Mabasi yakahama. Penye stendi ya zamani kikajengwa Kituo cha Biashara na Usafirishaji cha Afrika Mashariki, chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichozinduliwa mwaka 2025.

Kwa mwenye kupima maendeleo kwa majengo, hesabu hiyo haina kasoro: palipokuwa na vumbi pana jengo. Kwa upande wangu, stendi ilikuwa imekwisha kuelemewa, na kuihamisha kulikuwa na sababu. Lakini kati ya 2021 na 2025 kuna miaka minne. Je, mama aliyelishwa na ile stendi alikula nini katika miaka hiyo? Mwenye mtaji alifuata mabasi Mbezi. Asiye na mtaji alibaki na masufuria. Na jengo lilipofunguliwa, je, palikuwa na nafasi ya kipimo chake, yaani meza moja, jiko moja, kodi ya siku? Duka la kudumu lenye mkataba ni kitu kizuri, ila si kila mtu anaanzia hapo. Wengi wa wenye maduka Kariakoo leo walianzia chini, penye turubai.

Mnakumbuka jengo la wamachinga pale Karume, Ilala, lililokamilika mwaka 2010. Liliwekwa ghorofa na vizimba kwa maelfu, nalo kwa miaka mingi likabaki na sehemu kubwa tupu, huku wamachinga wakiwa nje barabarani. Wengine walisema wamachinga ni wakaidi. La hasha! Mteja wa machinga ni mpita njia. Hakutoka nyumbani akikusudia kununua soksi. Hapandi ngazi kuzifuata. Aliyechora jengo lile alihesabu watu wanaouza, akasahau kuhesabu miguu ya wanaopita. Kwa hiyo ninapozungumzia kuhesabu, sizungumzii majina peke yake.

Sheria inavyomwona mtu

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha mambo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zikaeleza jinsi ya kukokotoa: thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya malazi inayotokana na kodi ya soko kwa miezi 36, na hasara ya faida, ambayo ni faida halisi ya mwezi mara 36. Ukizisoma bila haraka utaona si kanuni mbaya hata kidogo.

Sasa tuzipeleke mtaani. Chukua nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati. Mwenye nyumba anaishi chumba kimoja, au haishi hapo kabisa. Vyumba vingine vina familia tano. Mthamini anapokuja hupima kuta, paa, msingi na mwembe wa uani. Hundi inayotoka ni moja. Familia tano zinapewa notisi. Mpangaji aliyekaa miaka kumi na miwili, ambaye watoto wake wanasoma shule ya jirani, ambaye duka la mangi linamkopesha unga kwa sababu linamjua, katika jedwali la fidia hayupo.

Au chukua mama lishe. Tuseme, kwa mfano tu, anapata faida ya shilingi 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ni shilingi 260,000. Mara 36 ni shilingi 9,360,000. Fedha hiyo ingemwezesha kuanza upya mahali pengine kwa heshima. Lakini ili kuifikia sharti kwanza atambuliwe kuwa ana haki katika eneo lile, na kisha awe na cha kuonyesha. Kanuni zinataja hesabu zilizokaguliwa, pale inapobidi. Hesabu za mama lishe zimo kichwani mwake na ukutani, kwa mkaa. Anazijua sawasawa, shilingi kwa shilingi, lakini hakuna mkaguzi aliyewahi kuzisaini.

Magomeni Kota ilitoa picha tofauti, na ni haki tuitaje. Waliokaa kota zile za zamani walikuwa wapangaji, familia 644. Waliondolewa, nyumba zikabomolewa, na kiwanja kikakaa kitupu huku wao wakitawanyika na kudai. Mwaka 2016 Rais Magufuli alifika pale na kuagiza nyumba zijengwe kwa ajili yao. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua. Walisubiri takriban miaka kumi, na miaka kumi kwa mzee ni umri. Lakini walirudi. Walirudi kwa sababu ile namba, 644, ilikuwa imeandikwa na majina yalikuwa yanajulikana, nao wakakataa kuyaacha yapotee. Familia zisizo katika orodha yoyote zingedai kwa namba gani?

Kazi iliyo mbele ya kamati zenu

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji ikutane na wenye ardhi, taasisi za umma na za binafsi, pamoja na vikundi vya wananchi katika eneo linalopangwa, na inatoa nafasi ya watu kuiona rasimu na kutoa pingamizi. Angalieni nani anaalikwa: mwenye ardhi na taasisi. Parokia yenye kiwanja ni mwenye ardhi na ni taasisi. Barua itafika ofisini kwa paroko. Mpangaji hataipata, wala muuza mboga. Ni dhahiri basi kwamba mjumbe wa parokia anayekwenda katika kikao hicho kuulizia mpaka wa kiwanja cha kanisa peke yake amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo ndogo. Nitaongeza neno ambalo huenda halitawapendeza mababa paroko: baadhi ya parokia zina fremu za maduka zinazotazama barabara. Bei ikipanda, sisi pia tunafaidika. Ni vema tulijue hilo kabla hatujasimama kumwambia mwekezaji habari za haki.

Ninachopendekeza ni kwamba hesabu ifanywe mapema, kabla hakujawa na mradi, kabla hata ya tetesi. Hesabu inayofanywa tingatinga likiwa limeegeshwa huitwa uchochezi. Inayofanywa mapema huitwa takwimu. Ifanywe pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na pamoja na majirani zetu Waislamu, kwa maana wapangaji hawapangi vyumba kwa dini. Ijulikane nyumba ina vyumba vingapi na familia ngapi, kodi ni kiasi gani, familia imekaa tangu lini. Sokoni na kituoni ijulikane nani anauza nini na saa ngapi, kwani aliyepo alfajiri siye aliyepo usiku, na mpimaji wa Halmashauri hufika saa nne asubuhi. Wahesabiwe wapita njia nao, na njia wanazozifuata. Matokeo yasomwe katika mkutano wa mtaa na kuingizwa katika muhtasari wenye mhuri. Muhtasari huo si hati ya kumiliki. Lakini afisa anayekuja miaka mitano baadaye atakuta karatasi, na karatasi ndiyo lugha ya ofisini kwake.

Yapo mashaka mawili ambayo mmekuwa mkiniuliza. La kwanza ni kwamba orodha ikiandikwa, mtoza ushuru ataitumia. Inawezekana. Kwa hiyo kiasi cha mauzo kisiandikwe katika orodha ya pamoja. Kila mfanyabiashara afundishwe kuwa na daftari lake, aandike kila siku alichonunua na alichouza, alihifadhi mwenyewe. Daftari la miaka miwili lina uzito, hata kama halijakaguliwa. La pili ni kwamba dalali akisikia watu wanahesabiwa atajua kuna kitu kinakuja, bei itapanda. Shaka hilo ni la kweli zaidi, nami sina dawa yake kamili. Inasaidia hesabu ikifanyika katika vitovu vingi kwa wakati mmoja, ili isiwe dalili ya jambo lolote mahali popote.

Mfano upo wa watu kushika kazi ya mtaa wao wenyewe. Hanna Nassif, Kinondoni, kuanzia mwaka 1994, wakazi waliunda chama chao, wakachangia, na wakachimba mitaro na kutengeneza njia kwa mikono yao wakilipwa ujira, wataalamu wakiwaelekeza badala ya kuwahamisha. Nawasihi kila kamati ipeleke wajumbe wawili pale, wakazungumze na wazee walioshiriki. Wawaulize hasa habari za wapangaji: wangapi wa wakati ule wangalipo. Mkirudi, tuanze na Kimara Mwisho na Mbagala Rangi Tatu, kwa kuwa huko vituo vimekwisha kujengwa na viwanja vya jirani vinauzwa kila wiki.