Damu ya mlalahoi nayo ipimwe kwa mizani moja

(Mazungumzo na wananchi wa Nyarero, Tarime)

Ndugu msomaji, mkulima wa Nyarero anaijua lumbesa. Anajua kwamba debe la mlanguzi halilingani na debe la nyumbani kwake, na kwamba anayeshika kipimo ndiye anayeshika bei. Leo tuzungumze juu ya lumbesa nyingine. Hii haipo gulioni, ipo maabara, na bei yake ni uhai.

Iko saratani ya damu inayoanza polepole. Mtu anachoka, anakonda, bandama inavimba. Huku kwetu kwenye malaria, nani atashtuka kwa bandama? Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, huko Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa hao. Baadaye ikajulikana kwamba humo jeni mbili hushikana na kuwa moja, BCR-ABL, inayozifanya seli nyeupe zizaane bila kikomo.

Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha vidonge vya imatinib, maarufu kama Glivec. Kuanzia 2002 mpango wa msaada wa GIPAP uligawa vidonge hivyo bure katika nchi nyingi maskini, na Watanzania nao wakavipata. Basi tushukuru tunyamaze? Hapana!

Vidonge peke yake havitoshi. Mgonjwa hupata nafuu, hesabu ya damu ikarudi sawa, lakini mabaki ya ugonjwa yamejificha. Ni kama shamba lililochomwa: juu jivu, chini kaa la moto. Kuyajua mabaki hayo ni lazima BCR-ABL ihesabiwe kila baada ya miezi 3. Miezi 3 ya kwanza isizidi asilimia 10, miezi 6 isizidi asilimia 1, mwaka mmoja isizidi asilimia 0.1. Ikizidi, daktari aulize: mgonjwa anameza dawa kila siku, au ugonjwa umekwisha kuizoea na inabidi kuibadili?

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Damu ni ile ile. Maabara moja inasema 0.08, nyingine inasema 0.4. Daktari ashike lipi? Jibu moja linasema endelea, jingine linasema angalia, moto unafuka. Hiyo ndiyo lumbesa ninayoisema.

Dunia ililiona hilo. Mwaka 2005 wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, wakapendekeza mizani moja ya kimataifa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likapitisha sampuli za kusahihishia mizani hiyo. Maabara hulinganisha sampuli zake na za maabara rejea, ikapata namba yake ya kuzidishia majibu. Si uchawi. Ni kazi ile ile ya Wakala wa Vipimo anapokagua mizani ya duka.

Msidanganywe kwamba mashine hazijulikani hapa nchini. GeneXpert, mashine ile inayopima kifua kikuu, ina katriji ya BCR-ABL inayotoa jibu kwa mizani ya kimataifa, tena kwa saa chache tu.

Ndugu msomaji, dhahabu ya Nyamongo hupimwa hadi chembe ya gramu, na wanunuzi wa ng'ambo wanaukubali uzito wake. Damu ya mtu aliyezaliwa juu ya dhahabu hiyo, je, haistahili mizani inayoaminika?

Tunadai haya. Katriji hizo zifike hospitali za mikoa, asiyekuwa na nauli ya Dar es Salaam asife kwa umbali. Kila jibu liandikwe kwa mizani ya kimataifa, na maabara zikaguliwe kutoka nje mara kwa mara. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023: serikali itamke wazi kama kipimo hiki kimo au hakimo.

Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usingoje serikali kwa hili: asiruke kidonge hata kama anajisikia mzima. Tunza kila karatasi ya majibu, na kila mara muulize daktari, "Hii imepimwa kwa mizani gani?" Ukiuliza wewe na akauliza jirani yako, watatujibu.