Marufuku Isiyo na Kifungu cha Bajeti: Utoaji Mimba na Hazina ya Lualaba



Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje kwa miezi minne. Hapa Kolwezi, jimboni Lualaba, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Watu walipiga hesabu: malori yasiyovuka mpaka wa Kasumbalesa, mrabaha usioingia, bei iliyoshuka kwenye depo za madini za Musompo. Mwezi Juni marufuku ikaongezwa miezi mitatu, na tarehe 16 Oktoba mfumo wa mgawo ukachukua nafasi yake. Muda wote huo hata mama anayeuza makala kando ya barabara alikuwa na makadirio yake ya hasara.

Iko marufuku nyingine tunayoishi nayo tangu tarehe 30 Januari 1940, wakati nchi ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Ni ile ya kutoa mimba. Hiyo haina mkadiriaji. Haina kifungu katika bajeti ya taifa, wala katika edikiti ya bajeti ya jimbo, wala katika mpango wa maendeleo wa komini. Kwa kuwa haionekani kwenye karatasi, tumezoea kuiona kama sheria ya bure. Mada yangu leo ni kwamba si ya bure hata kidogo. Bili yake hutolewa kila siku, ila hupelekwa kwa mtu asiyekaa katika vikao vya bajeti.

Nianze na sheria yenyewe, kwa ufupi. Kanuni ya Adhabu, ibara ya 165, inampa anayemtoa mwanamke mimba kifungo cha miaka 5 hadi 15. Ibara ya 166 inampa mwanamke aliyejitoa mimba miaka 5 hadi 10. Maandishi hayo hayajafutwa. Juu yake lakini imekuja Itifaki ya Maputo ya 2003, ambayo Kongo iliiridhia kwa sheria ya mwaka 2006 na kuichapisha katika Gazeti la Serikali mwaka 2018. Ibara yake ya 14 inaruhusu mimba itolewe na mganga pale mwanamke alipobakwa, alipofanyiwa ukatili wa kingono au kupewa mimba na ndugu wa damu, na pale mimba inapohatarisha afya ya mama, ya mwili au ya akili, au uhai wake au wa mtoto aliye tumboni. Kwa mujibu wa ibara ya 215 ya Katiba, mkataba uliochapishwa una nguvu kuliko sheria ya kawaida. Aprili 2018 waraka wa Baraza Kuu la Mahakimu ukaziambia mahakama ziufuate, na Desemba 2020 Wizara ya Afya ikatoa miongozo ya huduma hiyo. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya marufuku leo, tunazungumza juu ya kitu kilichofunguliwa mlango na Katiba yenyewe, huku polisi, muuguzi na binti wa mtaa wetu wa Kasulo wote wakiendelea kuishi kana kwamba mlango umefungwa.

Sasa tuzione fedha zinavyokwenda. Mimba inayotolewa na mtu aliyefunzwa, mapema, ni kazi ndogo. Kifaa cha kunyonya kwa mkono hutumika tena na tena baada ya kusafishwa. Mkunga aliyefundishwa hukitumia bila chumba cha upasuaji. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Tembe za misoprostol ni rahisi zaidi. Mimba iliyotolewa kwa kujificha, kwa mti, kwa mizizi au kwa kumeza dawa za malaria kupita kiasi, hufika hospitali ikiwa ugonjwa mwingine kabisa: damu imekwisha, usaha umeanza, mji wa mimba umetoboka. Hapo zinatakiwa chupa za damu, antibiotiki za mshipani, daktari wa upasuaji, mtu wa ganzi, na kitanda kwa siku nyingi. Katika daftari la wodi huandikwa "kutokwa damu" au "infeksheni", kwa sababu muuguzi anamlinda mgonjwa na kujilinda mwenyewe. Daftari likisha kuandikwa hivyo, mhasibu wa zoni ya afya hana njia ya kujua marufuku imemgharimu kiasi gani.

Majirani zetu wamejaribu kujua. Nchini Uganda watafiti walikadiria kwa mwaka 2010 kwamba kutibu madhara ya mimba zilizotolewa vibaya kuligharimu karibu dola milioni 14 kwa mwaka, wastani wa dola 131 kwa mgonjwa. Nchini Rwanda hesabu ya mwaka 2012 ilikuwa dola milioni 1.7, kama dola 93 kwa mgonjwa. Nchini Kenya, mwaka huohuo wa 2012, karibu wanawake 120,000 walitibiwa madhara hayo, na vituo vya umma vilitumia zaidi ya shilingi milioni 430. Nchi hizo tatu zina sheria kali kwa viwango tofauti. Rwanda ililegeza yake mwaka 2018, na Aprili 2019 Rais akawasamehe wasichana na wanawake 367 waliokuwa gerezani kwa kosa hilo, kwa kusaidia kulitenda, au kwa kuua mtoto mchanga. Magereza nayo ni matumizi ya serikali, jambo ambalo watetezi wa vifungo virefu hulisahau haraka.

Kwetu, kazi nzito ilifanywa Kinshasa na Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Kinshasa pamoja na Taasisi ya Guttmacher. Walikadiria mimba 146,700 zilizotolewa jijini humo mwaka 2016, na wanawake 37,900 waliotibiwa madhara katika vituo vya afya. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tukiuzidisha wastani wa Rwanda kwa wagonjwa hao tunapata dola milioni 3.5, tukitumia wa Uganda, karibu milioni 5. Jiji moja, mwaka mmoja. Sidai kwamba hiyo ndiyo bei ya Kinshasa, maana mishahara, dawa na vifaa vinatofautiana. Nadai kwamba ni fedha za kutosha kuandikiwa kifungu, na hakuna aliyewahi kukiandika.

Kwa nini hazina haijasikia maumivu? Kwa sababu katika nchi hii sehemu kubwa ya gharama za afya, kama asilimia 40, hutoka moja kwa moja mfukoni mwa familia. Uganda serikali iliona hasara kwa kuwa hospitali zake za umma hutibu bila kutoza. Sisi tunatoza. Mzazi huuza simu, huuza shamba, hukopa kwa mnunuzi wa madini na kulipa kwa magunia ambayo hayajachimbwa. Asipoweza, mgonjwa anaweza kuzuiwa na hospitali yenyewe, si na polisi tu. Watafiti walioandika mwaka 2019 kuhusu hospitali kubwa moja ya Lubumbashi walieleza jinsi wanawake waliojifungua walivyoshikiliwa humo pamoja na vichanga vyao mpaka bili ilipwe. Aliyejifungua angalau ana haki ya kulalamika hadharani. Aliyetoa mimba analipa na kunyamaza, na mara nyingine analipa tena kwa yeyote aliyejua siri yake. Fedha hiyo ya pili haiingii hazina yoyote.

Kuna hesabu moja ambayo nimekataa kuifanya. Marekani, tangu Mahakama Kuu ilipoondoa haki ya kutoa mimba Juni 2022, wachumi wamejaza kurasa wakikadiria gharama ya kila mtoto anayezaliwa kwa sababu ya marufuku: uzazi, bima ya maskini, shule. Katika majimbo mengi ya nchi ile muswada huambatana na karatasi ya gharama, na desturi hiyo naipenda. Lakini kumwandika mtoto upande wa hasara ni njia mbaya. Serikali inayoanza kuhesabu hivyo leo, kesho italazimisha akina mama wasizae, kama Romania ilivyogeukia upande wa pili kwa amri yake ya 1966 na kuwalazimisha wazae. Amri ile ilipofutwa mwishoni mwa 1989, vifo vya uzazi vilishuka kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Ninachohesabu mimi ni damu, vitanda na dawa. Hivyo havina mjadala wa imani.

Nasema hivyo nikijua kwamba humu ukumbini wamo wachungaji, na kwamba vituo vingi vya afya nchini ni vya Kanisa Katoliki. Siwaombi mbadilishe mafundisho yenu. Masista wenu tayari wanampokea anayetokwa damu usiku, na hawamwulizi kwanza ilianzaje.

Nije Kasulo kwenyewe. Mwaka 2014 madini ya kobalti yalipatikana chini ya nyumba, watu wakachimba sebuleni na uani. Mwaka 2017 mamia ya familia yakahamishwa na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na kukabidhiwa Congo DongFang Mining, kampuni tanzu ya Huayou ya China. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wakazi wa hapa, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa jirani. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa Lubumbashi, ulihusisha kazi ya baba mgodini na watoto kuzaliwa na kasoro. Haya yanaingiaje katika bajeti? Yanaingia kwa sababu, ikiwa uchafuzi huu unaharibu mimba pia, mimba inayoharibika yenyewe na mimba iliyotolewa kwa tembe hufika wodini zikiwa na dalili zilezile, na daktari mara nyingi hawezi kuzitofautisha. Mwanamke wa Kasulo ambaye mimba yake imetoka bila yeye kutaka anaogopa kushukiwa kama yule aliyeitoa. Anachelewa nyumbani siku mbili, tatu, na bili yake inapanda. Marufuku inatoza hata asiyeivunja.

Zamani tungesema wafadhili watatusaidia. Uzazi wa mpango Kongo umebebwa kwa miaka mingi zaidi na fedha za nje kuliko na za hazina. Januari 2025 Washington ilirudisha ile sera ya mwaka 1984 inayonyima msaada mashirika ya nje yanayotoa huduma ya kutoa mimba au kuitetea, na kufikia tarehe 1 Julai USAID ilikuwa imefungwa. Hiyo nayo ni marufuku ya nchi nyingine inayokula bajeti yetu.

Fedha za ndani zipo. Kanuni ya Madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini, sekta au cheferi mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti inatozwa asilimia 10 na shaba 3.5. Kampuni zinatenga pia asilimia 0.3 ya mauzo kwa miradi ya jamii, ambayo mpaka sasa huonekana zaidi katika matofali: shule, soko, visima. Si vibaya. Ila seti ya vifaa vya kunyonya haina jiwe la msingi la kuzindua, na nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo haijanunuliwa.

Nawaomba wabunge wa jimbo na wakuu wa komini za Dilala na Manika, kabla ya kikao cha bajeti kijacho, waandike kifungu chenye jina lake wazi: huduma baada ya mimba kuharibika au kutolewa. Kilipie vifaa na misoprostol katika kila kituo cha afya, mafunzo ya wakunga, damu katika hospitali ya rufaa, na huduma ya bure kwa aliyebakwa, kama Itifaki inavyodai. Kitegemee mrabaha wa shaba pia, kwa kuwa mwaka 2025 umetuonyesha kobalti inaweza kusimama ghafla. Nazo zoni za afya zianze mwezi huu kuandika katika daftari idadi ya wagonjwa hao bila majina yao, ili mwaka ujao tukikutana tuwe na hesabu ya Lualaba badala ya kuazima ya Kigali na Kampala.