Kader Asmal: Kutoka Uhamishoni Hadi Uwaziri



Wazee wangu, kina mama, ndugu vijana. Leo nataka tumzungumzie mtu mmoja wa Afrika Kusini, Kader Asmal. Wengi wenu hamjamsikia. Alizaliwa 1934 mjini Stanger, mkoa wa Natal, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Kihindi. Bado kijana wa shule, akakutana na Chifu Albert Luthuli aliyeishi jirani, Groutville. Siasa ikamwingia hapo.

Mwaka 1959 akaenda London kusomea sheria. Huko akamuoa Louise, Mwingereza. Sasa sikilizeni: kwao sheria ilikataza Mzungu kuoana na asiyekuwa Mzungu. Kwa hivyo kurudi nyumbani na mkewe ilikuwa ni jela. Akabaki ng'ambo miaka thelathini na ushei. Fikirieni, kwenu kupo lakini hupakanyagi.

Je, alikaa akilia? La. Alifundisha sheria chuo cha Trinity, Dublin, miaka 27, na 1964 akaanzisha harakati ya Waairishi ya kupinga ubaguzi wa rangi. Mikutano, maandamano, barua, mwaka baada ya mwaka. Na mwaka 1984 msichana wa dukani hapo Dublin, Mary Manning, akakataa kuuza balungi za Afrika Kusini. Yeye na wenzake wakagoma karibu miaka mitatu, mpaka serikali ya Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga za makaburu. Wauza duka, jamani! Si majenerali.

Mwaka 1988, jikoni kwake Dublin, Asmal na Albie Sachs wakaketi kuandika rasimu ya haki za raia wa nchi ambayo wote wawili walikuwa hawaruhusiwi kuingia.

Akarudi 1990. Mwaka 1994 Mandela akampa wizara ya maji. Mamilioni ya watu hawakuwa na maji safi. Sheria yake ya 1998 ikasema maji si mali ya mwenye shamba. Ni ya watu wote, serikali ni mdhamini tu, na fungu la kwanza ni la mahitaji ya binadamu na la mto wenyewe. Baadaye akapewa elimu.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja 2008. Chama chake kilitaka kuvunja kikosi cha kupambana na ufisadi, Scorpions. Asmal akaona afadhali aache ubunge kuliko kuinua mkono kuunga mkono jambo asiloliamini. Akaondoka. Alifariki 2011.

Ndugu zangu, kupinga ukiwa nje ya serikali ni kugumu. Kusema "hapana" ukiwa umeshakalia kiti ni kugumu zaidi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, nayo inatupa haki ya maji safi. Imeandikwa. Kazi iliyobaki ni kuidai, na kuwauliza wale tuliopigania nao jana: leo mko wapi?