Karte yetu na karte ya yule papa wa Rutshuru

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Beni, mkesha wa 30 Juni)



 Kesho ni 30 Juni. Wimbo wa taifa utaimbwa, wakubwa wataongea, na kila mutu atasema anapenda inchi. Mimi sikuja kuuliza nani anapenda inchi. Nataka tuongee juu ya karte mbili.

Karte ya kwanza ni yangu. Nilikuwa na miaka 19, ingekuwa mara yangu ya kwanza kuchagua rais. Mnakumbuka Desemba 2018. Jumatano tarehe 26, siku nne tu mbele ya uchaguzi, CENI ikatangaza kama Beni, Butembo na Yumbi wangojee mwezi wa tatu. Kwetu walisema ni Ebola na ukosefu wa usalama. Ebola ilikuwepo kweli, tulikuwa tunazika watu tangu mwezi wa nane. Lakini masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, na wanasiasa walikuwa wamekuja hapa kufanya kampeni, watu wakasongamana. Ugonjwa uliogopa siku ya kura tu?

Siye tukafanya nini? Nitasema mambo mawili, juu tumezoea kusimulia moja. Alhamisi tarehe 27 hasira ikatoka, na kati ya waandamanaji kuko walioshambulia kituo cha Ebola hapa mjini, wagonjwa wakakimbia. Wagonjwa! Ile pia ni sisi. Kisha Jumapili tarehe 30, wakati inchi nzima inachagua, watu wa Beni wakaamka asubuhi, wakapanga mistari, wakanawa mikono, wakaandika jina la mutu wao kwenye karatasi, wakajipigia kura. Kinshasa hakuna aliyeihesabu. Rais akaapa tarehe 24 Januari 2019 na sisi tukaachiwa kuchagua wabunge, tarehe 31 Machi. Zaidi ya watu milioni moja wenye karte, na kwa kura ya rais sauti yao ilikuwa sifuri.

Lakini sijawahi kujisikia Mukongomani kama ile Jumapili. Mama mmoja mbele yangu katika mustari aliinua karte yake juu, akasema: "Si hii njo inasema niko Mukongomani? Basi nani ananikatalia?" Mnajua wenyewe, kwetu hii karte ya uchaguzi njo kitambulisho. Ku bariere ni yenyewe, ku banki ni yenyewe, ku polisi ni yenyewe. Na ile siku hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila.

Sasa karte ya pili. Tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, ofisi za jimbo zimehamia hapa kwetu, na watu waliokimbia vita nao wanafika. Miezi michache imepita, jioni, kwenye parkingi moja ya hapa mjini (sitasema ipi), vijana walimusimamisha papa mmoja, begi mgongoni, mtoto mkononi. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Rutshuru. Wakamuomba karte. Akatoa ile ya 2017, imechoka, picha inaanza kufutika. Mmoja akasema: "Ya zamani hii. Zinanunuliwa." Mwingine: "Wewe si wa hapa. Ata Congo si yako." Kofi la kwanza likatoka.

Mimi nilikuwa pale. Mmoja wao tulikaa naye deski moja shuleni. Niko na diploma ya sheria, artikle ya 66 ya Katiba naweza kuwatajia bila kufungua kitabu: kila Mukongomani ana wajibu wa kumuheshimu mwenzake bila ubaguzi. Nilinyamaza. Aliyewazuia ni mama anayeuza ndizi pale. Alishika mkono wa yule mtoto, akasema hakuna atakayemugusa mbele ya kufika kwa chefu wa kata. Kule simu mbili zikapigwa, shemeji yake akapatikana kata ya pili. Ilichukua pengine nusu saa.

Kwa nini karte yake ilikuwa ya zamani? Juu wakati wachaguzi waliandikishwa upya, mwanzo wa 2023, vita ya M23 ilikuwa imeshika Rutshuru na Masisi. Uandikishaji haukufanyika kule kama kwetu, na tarehe 20 Desemba 2023 hawakuchagua. Yaliyotupata siye 2018 yaliwapata wao 2023. Siye tuliopiga kura ya karatasi, nani alitoka barabarani juu yao? Mimi nilichagua, nikapiga picha ya kidole, nikaiweka ku WhatsApp, nikalala.

Najua kuko anayesema ndani ya moyo: huyu amesahau mauaji. Sijasahau. Tunazika tangu Oktoba 2014, Oicha, Mbau, Eringeti, mpaka hapa mjini, na hakuna familia isiyo na jina la kutaja. Kuangalia ni haki yetu. Sikusema mufungulie kila mutu mlango. Nasema maulizo yawe yale yale kwa wote: unatoka wapi, unaenda kwa nani, nani anakujua. Kisha kwa chefu, bila kofi. Lakini ulizo la lafudhi halimukamati muuaji, juu anaweza kuongea Kinande safi kuliko mimi. Kama lafudhi ingetukinga, hatungezika miaka yote hii.

Freddy Kambale alipigwa risasi na polisi hapa Beni tarehe 21 Mei 2020, katika maandamano ya kudai usalama. Hakutoka kuomba amani ya kabila lake.

Zamani za Mobutu mwito wa inchi ulikuwa Amani, Haki, Kazi. Katiba ya 2006 ikapindua: Haki, Amani, Kazi. Haki imewekwa mbele. (Kazi tuiache leo, mimi mwenyewe sina.)

Yule papa nilimutafuta kwa shemeji yake kumuomba radhi. Alinikubalia, akanipa kiti. Kisha akaniuliza kama najua fasi wanatoa karte mpya. Sikuwa na jibu.

Nimeongea na chefu wa kata, na yule mama wa ndizi pia. Kuanzia kesho jioni tutakuwa wawili wawili pale parkingi: mgeni akisimamishwa, mmoja anabaki naye, mwingine anaenda kumuita chefu. Kwa juma moja tunahitaji watu 14. Mpaka sasa tuko 11. Daftari iko hapa mbele.