Deni la Mtafiti

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nieleze elimu yangu ya siasa imewafaa nini watu wa huku kwetu Masasi na Newala. Jibu la kweli ni kwamba kwa miaka kumi na minne haikuwafaa kitu, na kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2005, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, nilikwenda kijiji kimoja cha Newala kuchunguza mikutano mikuu ya vijiji. Nilikaa wiki tatu, nikihesabu waliohudhuria, waliosema na walionyamaza. Nilipoaga, mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, wengi huja hapa na madaftari. Wakishashuka mlima hatuwaoni tena. Wewe utarudi?" Nikasema nitarudi. Tasnifu nikaiandika kwa Kiingereza, nikapata alama nzuri, nikaajiriwa serikalini, na ahadi nikaisahau.

Mzee yule alijua alisemalo. Mmarekani J. Gus Liebenow alifanya utafiti Newala katika miaka ya 1950, na mwaka 1971 kitabu chake juu ya utawala wa kikoloni na maendeleo ya siasa kwa Wamakonde kilichapishwa Marekani. Ni kitabu cha maana. Lakini ni cha Kiingereza, na mimi niliyezaliwa huku nilikiona kwa mara ya kwanza katika maktaba ya Chuo Kikuu.

Sasa watazameni wenzetu wa kilimo. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walipochunguza ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho, habari ya salfa haikubaki katika majarida ya wataalamu. Ilifika shambani, kwa Kiswahili. Leo hata mkulima asiyejua kusoma atakueleza kwa nini mkorosho hupuliziwa, na lini.

Wapo watakaosema kwamba siasa si korosho, na kwamba matokeo ya siasa yakitolewa ovyo huleta fitina. Hoja hiyo naiheshimu. Mimi ni mtumishi wa serikali. Najua thamani ya kutunza majina ya watu. Lakini ikumbukeni Tume ya Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991. Ilizunguka nchini, kisha ikaeleza wazi kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 20 walitaka vyama vingi. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, ikatoa sababu zake, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Waliokubali na waliokataa walibishana juu ya hesabu ileile. Nchi haikuvunjika kwa kuambiwa.

Mwaka 2019 nilipita Newala kwa kazi. Safari hii nilikuwa na kurasa mbili za Kiswahili, zisizo na jina la mtu. Mzee wangu alikuwa hai bado, ingawa macho yamefifia. Nikazisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba akina mama hawasemi mikutanoni kwa sababu ya haya na mila, watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akasimama: "Haya gani, mwanangu? Mikutano ilikuwa saa nne asubuhi. Saa hizo sisi tulikuwa bondeni tunateka maji. Hao uliowaona wamenyamaza ni wagonjwa na wenye watoto wachanga!"

Ndugu zangu, tasnifu ile ilisomwa na wasomi, wakaipitisha. Kosa lake lilisahihishwa na mama mmoja kwa muda wa dakika moja. Angeweza kulisahihisha miaka kumi na minne kabla, kama ningempelekea. Tena mwenyekiti wa kijiji alisema kwamba hata sasa bomba likikauka hali huwa ileile. Wakakubaliana palepale kwamba mikutano iwe alasiri.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa watafiti. Andikeni kwa Kiingereza mkitakiwa. Lakini kila mara andikeni pia kurasa mbili za Kiswahili, mzirudishe kule mlikopata habari, mzisome kwa sauti, kisha mkae msikilize. Habari mliyopewa na watu ni mkopo, na mkopo hurudishwa.

Nasi wa zamani, yeyote mwenye tasnifu juu ya wilaya hizi na alete muhtasari wake katika maktaba ya shule. Wangu nimemkabidhi Mkuu wa Shule leo asubuhi, pamoja na masahihisho ya mama yule.